Usinunue Tairi kwa Meno Yake

Mteja anayetafuta tairi la baiskeli ya mlimani hulikagua kwa namna ileile kila mara. Huligeuza, huyabonyeza meno yake kwa kidole gumba, kisha huuliza bei. Meno yakiwa marefu na yameachana, anaamini kuwa hilo ndilo tairi la porini. Yakiwa mafupi na yamebanana, analirudisha ndoanoni akisema ni la mjini. Muuzaji naye hana sababu ya kumpinga, kwa kuwa meno ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayouza. Ninachotaka kumshawishi msomaji ni kwamba meno huja karibu na mwisho wa hesabu. Kabla yake kuna upepo uliomo ndani ya tairi, kuna kitambaa kilichofumwa kulibeba, kuna ulaini wa mpira wenyewe, na kuna upana. Anayevipanga vitu hivi kwa mfuatano huo hupata baiskeli inayoshika njia hata kwa tairi la bei ya kati. Anayeanza na meno anaweza kununua tairi ghali na bado akaanguka kwenye kona ya changarawe.

Tuanze na kinachotokea pale tairi linapogusa ardhi. Chukua gurudumu lililobeba kilo 50, ambao ni mzigo wa kawaida wa gurudumu la nyuma chini ya mtu wa wastani. Likijazwa upepo wa psi 60, sehemu ya tairi inayolala ardhini ni kama sentimita 12 za mraba, eneo dogo kuliko uso wa kiberiti. Ukipunguza upepo hadi psi 30, eneo hilo linakuwa takriban sentimita 24 za mraba. Hesabu hii si kamili, maana kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo wake haubishaniwi: nusu ya upepo huleta karibu maradufu ya mguso. Maana yake ni kwamba meno yanayofanya kazi kwa wakati mmoja huongezeka karibu maradufu pia, bila kununua chochote. Asiyeamini afanye jaribio la dakika tano. Apake unga wa chaki kwenye tairi, akanyagie karatasi akiwa ameketi juu ya baiskeli, kisha apunguze upepo na kurudia juu ya karatasi nyingine. Alama mbili zile zitamweleza zaidi ya maneno ya muuzaji.

Kwa hiyo kosa lililoenea kuliko yote barabarani kwetu halihusu aina ya tairi. Ni tairi lolote lile kujazwa hadi linagonga kama jiwe. Desturi hii ina chanzo kinachoeleweka. Mafundi wengi wamelelewa na baiskeli kubwa nyeusi za mizigo, ambazo tairi lake ni jembamba na abiria, gunia la mkaa au kreti za soda hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli hiyo isipokazwa upepo, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Fundi aliyejifunza hivyo akiletewa baiskeli ya mlimani huendelea na mkono uleule, na pengine husoma ubavuni mwa tairi maandishi yanayotaja psi 65 na kudhani ndicho kipimo anachotakiwa kufikia. Namba hiyo ni ukomo wa juu, kama vile namba ya abiria iliyoandikwa mlangoni mwa daladala. Haimwamuru mtu kuujaza.

Hapa pingamizi la kwanza huja haraka, na lina uzito: tairi lenye upepo kidogo ni zito kuendesha, kila mtu amelisikia likivuta. Kwenye lami laini hilo ni kweli. Tairi laini hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko hula nguvu za miguu. Lakini njia ya porini si lami. Tairi gumu likikutana na jiwe la ukubwa wa yai haliwezi kulimeza. Humwinua mtu na baiskeli yake, kisha huwaangusha upande wa pili. Nguvu iliyotumika kumwinua haimsogezi mbele hata kidogo, na jiwe linalofuata liko nusu mita kutoka hapo. Tairi laini hulizunguka jiwe na kumwacha mpandaji akisafiri karibu kwa usawa. Ndiyo maana katika mashindano ya msituni, ambako sekunde zinahesabiwa, matairi yamekuwa yakinenepa na upepo ukipungua. Tairi la inchi 2.1 au pungufu lilikuwa la kawaida miaka 20 iliyopita. Leo la 2.4 halimshangazi mtu. Watu wanaoshindania medali hawachagui kitu kinachowachelewesha kwa sababu tu kinawastarehesha.

Namba zipi, basi? Waendeshaji wa matairi yasiyo na tyubu wana kanuni rahisi ya kuanzia, inayofaa matairi ya upana wa kati: chukua uzito wako kwa ratili, ugawe kwa 7, kisha utoe 1 kwa gurudumu la mbele na uongeze 2 kwa la nyuma. Mtu wa kilo 70 ni ratili 154. Mgawo wake ni 22, hivyo mbele ataweka psi 21 na nyuma 24. Anayetumia tyubu aongeze kama psi 5 hadi 8 juu ya hapo ili tyubu isibanwe. Huo ni mwanzo tu. Baada ya hapo punguza psi 2 kila unapokwenda njia ileile, mpaka siku utakaposikia rimu ikigonga jiwe, au utakapohisi tairi likipinda chini yako kwenye kona kana kwamba linataka kuivua rimu. Rudisha psi 2 au 3, uandike namba hiyo mahali. Ni namba yako wewe, kwa uzito wako, kwa njia yako. Ya mwenzako haikuhusu.

Ukishaupata upepo sahihi, swali la pili ni kama mwili wa tairi unaweza kuubeba. Ndani ya mpira mna kitambaa cha nyuzi, na watengenezaji hutaja idadi ya nyuzi hizo kwa kila inchi: 60 kwa matairi magumu, 120 kwa mepesi. Namba kubwa huvutia macho, maana tumezoea kuwa nyingi ni bora. Kwa tairi ni kinyume kidogo. Nyuzi 120 ni nyembamba. Zinampa mpandaji tairi jepesi linalojikunja vizuri juu ya mawe, lakini ubavu wake hukatika upesi. Nyuzi 60 ni nene, zinavumilia. Kampuni nyingi huongeza pia tabaka la kinga ubavuni, kila moja ikiliita jina lake, na tabaka hilo huongeza gramu kadhaa na bei kidogo. Kwa njia zetu nyingi, ningelipa gramu hizo bila kusita.

Sababu iko chini ya magurudumu. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala, na njia zake ni vumbi la volkano lenye vipande vya obsidiani, jiwe jeusi linalovunjika kama chupa na kuacha makali. Ukanda wa pwani, kuanzia Kilifi hadi vijiji vya Unguja, una mawe ya matumbawe yenye ncha. Kwenye nyanda kavu kuna migunga inayodondosha miiba yenye urefu wa kidole, na mbigili, ule mmea mdogo unaotambaa ardhini ambao tunda lake lolote likidondoka huacha mwiba mmoja umesimama juu. Hakuna meno yanayomkinga mtu na vitu hivi. Kinachomkinga ni unene na ufumaji. Hata bingwa hasamehewi: katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, tarehe 29 Julai 2024, Muingereza Tom Pidcock alipata pancha ya gurudumu la mbele katikati ya mashindano kwenye kilima cha Élancourt na kupoteza zaidi ya nusu dakika. Alirudi akashinda dhahabu. Lakini yeye alikuwa na watu waliosimama kando ya njia wakiwa na gurudumu jingine mkononi.

Kuhusu miiba, jibu la kisasa ni kuondoa tyubu kabisa na kumimina ndani ya tairi utomvu wa kuziba. Mfumo wa tairi na rimu zilizoundwa kukaa bila tyubu uliletwa mwaka 1999 na kampuni za Ufaransa, Mavic, Hutchinson na Michelin, na tangu hapo umeenea hadi baiskeli za bei ya kati. Mwiba wa mgunga ukiingia, utomvu hukimbilia tundu na kuganda, na mara nyingi mpandaji hajui kuwa ametobolewa mpaka afike nyumbani. Pia, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa, anaweza kwenda na upepo mdogo zaidi. Wapinzani wa mfumo huu husema ni wa matajiri, na kwamba fundi wa kijijini hawezi kuutengeneza. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Utomvu hukauka, na katika joto la Mombasa au Dodoma hukauka mapema kuliko maelekezo ya chupa yaliyoandikwa Ulaya, hivyo ni lazima kuufungua na kuuongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Sehemu ya pili si sahihi sana. Tairi lisilo na tyubu likichanika ubavuni, unaweka tyubu ya kawaida ndani yake na kuendelea, alimradi umekwanyua kwanza miiba yote iliyonasa humo. Wanaosahau hatua hiyo hutoboa tyubu mpya kabla ya kupanda baiskeli.

Asiyeweza kumudu mfumo huo asijione amenyimwa kila kitu. Tyubu nene na tairi la nyuzi 60, pamoja na kiraka na solusheni mfukoni, vinamfikisha popote.

Jambo la tatu ni mpira. Ulaini wake hupimwa kwa kipimo cha Shore, na matairi ya baiskeli ya mlimani huwa kati ya takriban 42, ambao ni laini unaonata kama ulimbo, na 60 na kidogo, ambao ni mgumu na wa kudumu. Mpira laini hushika jiwe lililolowa, lakini huisha haraka na huvuta kwenye lami. Mpira mgumu hudumu, ila kwenye jiwe lenye unyevu huteleza kama sabuni. Hapa pana jambo linalowagusa wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki, kwa sababu baiskeli nyingi za mlimani zinazouzwa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam ni mitumba kutoka nje. Tairi linaweza kuwa na meno kamili, kama jipya, kwa kuwa baiskeli ilikaa ghalani miaka kumi. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa tu. Hewa na mwanga huufanya ukakamae na kupasuka mipasuko midogo. Kunja ubavu wa tairi kwa vidole viwili uuangalie kwa karibu. Ukiona mistari kama ya tope lililokauka, hayo meno mazuri ni pambo. Afadhali tairi la kawaida lililotengenezwa karibuni kuliko tairi la jina kubwa lililokaa kwenye vumbi tangu mwenye nalo alipokuwa kijana.

Sasa, upana na meno, ambavyo vinategemea udongo na majira. Nimeviacha mpaka hapa makusudi, maana maana yake hubadilika kabisa mtu anaposhuka kutoka njia moja kwenda nyingine, na hata njia ile ile si ileile mwezi wa Februari na mwezi wa Aprili.

Njia ngumu zaidi kuisoma ni moramu kavu. Chini ni ardhi iliyokaza kama sakafu, juu yake kuna kokoto ndogo zilizolegea, na kokoto hizo huviringika chini ya tairi kama gololi. Njia nyingi za kiangazi kwenye vilima vya Ngong, barabara za vijiji vya Moshi na vumbi la Dodoma ziko hivi. Watu wengi huzikabili kwa meno marefu yaliyoachana, na hapo ndipo hukosea. Meno marefu hayana pa kuzama, kwa kuwa ardhi ya chini haitoboki. Hubaki yamesimama juu ya kokoto, yakipinda huku na huku kama mtu anayetembea kwa viatu vya visigino virefu juu ya saruji. Kinachofaa ni meno ya urefu wa kati, yaliyobanana katikati ili tairi libingirike kwa wepesi, na yaliyo imara na ya mraba pembeni, maana ya pembeni ndiyo yanayofanya kazi baiskeli inapolala kwenye kona. Upana wa inchi 2.25 hadi 2.4 unafaa, rimu ikiruhusu.

Udongo mwekundu wa Karura, Kiambu au Lushoto ni mpole ukiwa na unyevu kidogo. Hapo karibu kila tairi lenye meno ya kati hushika. Mvua kubwa ikinyesha, uso wake hugeuka utelezi, ila chini yake pamekaza. Kwa hali hiyo tairi la matope lina maana: jembamba kidogo, labda inchi 1.9 hadi 2.1, lenye meno marefu yaliyoachana sana. Wembamba hulisaidia kukata tope laini na kufikia ardhi iliyokaza. Nafasi kati ya meno huliwezesha kulitema tope kila linapozunguka badala ya kulibeba. Hapa meno ndiyo mfalme, na anayesema hayajalishi kamwe anazidisha. Lakini tazama ni lini hasa: wiki chache za masika na siku kadhaa za vuli. Kununua tairi la mwaka mzima kwa ajili ya wiki hizo ni sawa na kuvaa buti za mvua mpaka Januari.

Halafu kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Tanzania huitwa udongo wa mbuga na ambao umetanda kuanzia nyanda za Kitengela hadi Shinyanga. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa. Ukilowa hunata kuliko kitu chochote anachokijua mwendesha baiskeli. Hautelezeshi tu. Hujiviringisha kwenye tairi tabaka juu ya tabaka, huchukua majani na vijiti, hujaa kati ya tairi na fremu, mpaka gurudumu linakwama kabisa na baiskeli inakuwa nzito kuibeba. Hakuna tairi la udongo huu. Tairi jembamba linalochelewesha kukwama kwa mita chache lipo, basi. Ushauri wangu ni kupita kando kwenye nyasi, au kurudi nyumbani na kuja kesho baada ya jua la mchana. Anayekuuzia tairi kwa ahadi ya kushinda udongo wa mbuga, muulize kama amewahi kuukanyaga.

Misitu ya Usambara, kama Magamba juu ya Lushoto, ina mtihani wa namna nyingine: mizizi iliyolowa ikikatiza njia. Mzizi ni mgumu, meno hayaingii. Na ni laini juu yake, meno hayana cha kukwama nacho. Tairi la meno marefu na tairi la meno mafupi hupita hapo kwa bahati sawa. Tofauti huletwa na mpira laini na upepo mdogo, ule unaoliruhusu tairi kujikunja na kuukumbatia mzizi badala ya kuudunda. Msomaji akitaka ushahidi mmoja wa hoja yangu, achukue huu: mahali panapoangusha watu wengi, meno hayafanyi kazi yoyote. Hali ni hiyohiyo kwenye mwamba mkavu, ambako tairi lililokaribia kuwa kipara linaweza kushika vizuri kuliko jipya lenye meno yanayopinda.

Kwa mchanga wa pwani maneno ni machache. Upana, na upepo mdogo kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo shuka usukume.

Mtu atauliza: je, basi nichague tairi moja la wastani na kulifunga mbele na nyuma? Hapana, kwa kuwa magurudumu mawili hayafanyi kazi moja. La nyuma hubeba uzito mwingi na kusukuma; likiserereka, mwili una muda wa kujirekebisha, na watoto hulisereresha kwa makusudi kama mchezo. La mbele hugeuza. Likiserereka, mpandaji yuko chini kabla hajajua kilichotokea. Hivyo tairi linaloshika zaidi, lenye mpira laini na meno imara ya pembeni, liende mbele, na lile linalobingirika kwa wepesi na lenye mwili mnene wa kuvumilia mawe liende nyuma. Desturi ya mafundi ni kinyume chake: tairi jipya hufungwa nyuma, kwa hoja kwamba ndilo linaloisha haraka. Kweli huisha haraka. Lakini kuisha haraka si sababu ya kulipa kipaumbele. Ni sababu ya kuhamisha. La nyuma likiisha, lihamishe la mbele liende nyuma, ununue jipya lifungwe mbele. Gharama ni ileile ya tairi moja, na usukani daima unakuwa na mpira mpya.

Kuna pingamizi la mwisho ambalo silipuuzi, la mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli hiyo siku tano na kuingia msituni Jumamosi tu. Kwake sehemu kubwa ya maisha ya tairi ni lami, na tairi laini lenye meno ya pembeni litamchosha na kulika katikati ndani ya miezi michache. Yeye achukue tairi lenye meno madogo yaliyobanana, karibu kama mstari katikati, na aliweke upepo wa psi 40 au 45 siku za kazi. Jumamosi akifika langoni mwa msitu apunguze hadi 28 au 30, na arudishe kwa pampu ya mkono kabla ya kuondoka. Atapoteza mshiko kidogo kwenye kona, lakini sehemu kubwa ya faida anayoitafuta iko kwenye ile dakika moja ya kutoa upepo.

Kabla ya kulipa, hakikisha tairi litaingia. Hili linaonekana dogo mpaka mtu arudi dukani mara ya pili. Namba 26 peke yake haitoshi: tairi la 26 kwa 1 3/8, linalofungwa kwenye baiskeli nyingi za kawaida, hukaa juu ya rimu ya milimita 590, ilhali 26 ya baiskeli ya mlimani, inayoandikwa kwa nukta, mfano 26 x 2.1, ni ya milimita 559. Hazibadilishani hata kwa nguvu. Inchi 27.5 ni milimita 584. Inchi 29 ni 622, kipenyo kilekile cha matairi ya 700C. Tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari katikati, kama 54-559: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, na hizo hazidanganyi. Upana nao una mpaka. Rimu nyembamba ya baiskeli ya zamani, yenye milimita 17 hadi 21 kwa ndani, ikifungwa tairi la 2.4, huligeuza kuwa umbo la balungi juu ya kikombe, nalo hupepesuka kwenye kona. Kwa rimu hiyo ishia 2.1 au 2.2. Na kati ya tairi na fremu pabaki nafasi ya kupitisha kidole kidogo kila upande, hasa kwa wanaokaa kwenye udongo mweusi.

Unene huu wa matairi, kwa kweli, ndio uliouzaa mchezo wenyewe. Vijana wa Marin County, California, walioanza kushindana kuteremka njia ya Repack mwezi Oktoba 1976, walitumia baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi ya 26 x 2.125, aina ambayo kampuni hiyo iliiingiza sokoni Marekani mwaka 1933. Zilikuwa nzito, breki zake zikiungua grisi kwa kila mteremko, lakini zilikuwa na hewa nyingi chini ya mpandaji.

Kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, hukumu yangu ni hii: asinunue tairi. Anunue geji ya upepo inayosoma vizuri chini ya psi 40, maana ile ya pampu ya kawaida huanza kusema kweli juu ya hapo. Akae na matairi aliyonayo kwa wiki tatu akiyashusha upepo hatua kwa hatua. Mwezi unaofuata anunue tairi moja la mbele. Kuhusu kupima upepo huo, vali nene ya aina ya gari hupimika kwa geji ya kituo chochote cha mafuta. Ile nyembamba inahitaji kijikofia cha shaba cha kuunganishia, na wauzaji wengi wa vipuri vya baiskeli wanacho kwenye droo ileile ya viraka.